Nimelipa, Ila Faili Halijui



Leo sina mgeni studioni. Mgeni ni mimi mwenyewe, na habari nitakayoitoa ina aibu kidogo. Kama mama mkwe wangu anasikiliza, namuomba kwa heshima apunguze sauti.

Mwaka 2023, asubuhi moja, mlinzi wa hapa kituoni aliniletea bahasha ya kaki. Alikuwa akitabasamu, akidhani ni barua ya msikilizaji. Kuifungua, karatasi ya mahakama. Jina langu lote, la baba na la babu. Natakiwa nifike mbele ya hakimu nieleze kwa nini hukumu ya Machi 2015 isitekelezwe juu yangu. Ni deni la kodi ya nyumba, shilingi 51,000, na riba imepandia juu.

Nikakaa kitako. Deni lile nalijua kama mtu anavyolijua kovu la mguu wake. Ila nalijua kuwa ni deni nililokwisha kulilipa, mpaka shilingi ya mwisho, na mwenye nyumba akanipa mkono, tukanywa kahawa.

Hebu turudi nyuma. Watu wa pwani ya kaskazini hawana haja ya kukumbushwa Mei 2014. Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa ila kwa dharura, na katikati ya mwezi ule kampuni za Thomson na First Choice zikawapandisha watalii wao ndege kabla ya siku zao kwisha. Hoteli za Bamburi na Shanzu zikabaki na viti vitupu. Mimi wakati ule sikuwa mtu wa redio; nilikuwa mhudumu wa hoteli. Nikaambiwa nipumzike miezi miwili. Mpaka leo napumzika.

Nilikuwa nimepanga Mtopanga, vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, ujia katikati, choo na bafu za shirika. Kodi 4,500 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza mwenye nyumba alisema si neno. Wa pili akasema si neno. Wa tano akanyamaza, na mzee wa makamo akinyamaza ujue mambo yameharibika. Miezi 8 ilifika 36,000. Kuna sheria, Sura ya 293, ingemruhusu kuleta dalali akamate vyombo vyangu kwa ajili ya kodi, lakini alivijua vyombo vyangu: godoro, jiko la mafuta ya taa na redio iliyokamatana kwa mpira. Akaenda kwa wakili. Simlaumu. Alikuwa mstaafu wa bandari, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Samansi ililetwa. Nitasema kweli, maana uwongo hapa haunisaidii. Ililetwa nyumbani, nikaipokea kwa mkono wangu, nikatia sahihi, nikaiweka juu ya kabati chini ya sahani za harusi. Sikwenda. Niliona haya kusimama mbele ya watu niambiwe sina kodi. Tena nilikuwa na ile fikira iliyoenea mitaani kwetu, kwamba mdaiwa asipokwenda kesi italala. Hailali, ndugu yangu. Ikiwa ni madai ya pesa na siku zilizoandikwa kwenye samansi zikapita kimya, mdai huomba hukumu bila wewe kuwapo, na hupewa. Hakuna anayekuja kukubembeleza. Kwa gharama za wakili na riba, 36,000 yangu ikawa 51,000.

Mwaka 2016 Mungu akafungua mlango, nikapata kazi ya kuandika hesabu katika duka la jumla Kongowea. Nikamwendea mzee mwenyewe, nikamwambia mzee wangu, nilikukosea, nitakulipa 3,000 kila mwezi. Akakubali. Nikamtumia kwa M-Pesa mara 17. Mara ya mwisho nilimfuata barazani kwake, akaniambia, "Tumemaliza, mwanangu." Kahawa ikaja, na kashata. Yeye hakuandika kitu, nami sikuandika kitu. Nani angeandika, na mtu amekwita mwanangu?

Mzee alifariki 2020, Mungu amrehemu. Miaka mitatu baadaye mwanawe mmoja, alipokuwa akipangua kabati, akaikuta ile hukumu. Kwake ilikuwa pesa. Mwenye kosa hapo ni nani? Mimi nasema ni mimi na marehemu pamoja, kwa kuamini kwamba kahawa hufika mahakamani.

Sasa sikilizeni nilivyopotea njia. Kila niliyemwonyesha karatasi ile, kuanzia kinyozi hadi mwalimu mstaafu, aliniambia maneno mamoja: nenda CRB ukajisafishe. Nami nikaenda mbio. Siku zile nilikuwa nimeiona fleti nzuri Bamburi, na wakala wake aliniambia hapokei mpangaji asiye na cheti cha CRB. Nikaona ajabu, mwanangu, mambo yote yamekuja pamoja.

Wakati huo Kenya kulikuwa na mashirika matatu ya taarifa za mikopo, ndiyo hayo CRB, yenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Niliiomba. Nikaisoma mara mbili. Ile hukumu haimo. Haimo kabisa. Kilichokuwamo ni mkopo wa simu wa shilingi 1,400 niliouchukua 2019 usiku wa kuamkia Idi, nikausahau. Huo ndio ulioniweka kwenye orodha mbaya, miaka minne, na mimi natembea mjini nimevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Hapo ndipo nilipofahamu kitu ambacho, nikiulizwa, ndicho kilichonileta mbele ya kipaza sauti hiki leo. Mahakama na CRB ni nyumba mbili. Zina milango miwili na makarani tofauti, na ukijisafisha nyumba hii, ile nyingine haina habari. Kwetu hukumu ya kodi haiendi yenyewe CRB. Wanaopeleka majina kule ni mabenki, sako na wakopeshaji waliokubaliwa na Benki Kuu, na wanatakiwa wakupe ilani ya siku 30 kabla ya kukuorodhesha. Mwenye nyumba wa Mlaleo mwenye vyumba sita na paka wawili si mmoja wao. Akikwambia "nitakutupa CRB", mwambie kwa adabu akuonyeshe kibali cha Benki Kuu. Lakini usimcheke, maana anao mlango wa pili, na huo ni mgumu zaidi. Hukumu ya mahakama ina miaka 12 ya kuishi.

Huo mkopo wa 1,400 niliulipa siku ile ile. Nikadhani jina limetakasika. Halikutakasika, limebadilika. Ripoti sasa inasema nimelipa, lakini kumbukumbu ya kwamba niliwahi kushindwa hukaa miaka 5 tangu siku ya kumaliza kulipa. Watu wengi Kisauni hawalijui hili. Hulipa, wakarudi benki kesho yake na kifua mbele, wakaambiwa hapana, wakatoka wakilaani. Hawakudhulumiwa. Hesabu inaanza pale unapolipa, kwa hiyo aliyelipa 2018 yuko huru kabla ya aliyengoja mpaka 2023. Mimi ni wa kundi la pili.

Mwaka 2020 Benki Kuu ilikataza watu kuorodheshwa kwa deni lisilofika shilingi 1,000, nami nilipitwa na neema hiyo kwa shilingi 400. Tena Novemba 2022 ikaja ile nafuu ya mikopo ya simu ya siku 30 kushuka chini, iliyogusa zaidi ya wakopaji milioni 4 na deni la karibu bilioni 30, ambapo mabenki yalitakiwa kusamehe angalau nusu. Ilikuwa wazi hadi mwisho wa Mei 2023. Nayo ilinipita, kwa sababu sikujua kama namo. Kutojua kuna bei yake.

Basi nikaiacha CRB, nikaelekea mahakamani, kisiwani. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo penye kazi.

Kwanza nilikwenda masijala. Masijala ya mahakama ni chumba ambacho mtu anapaswa kukiingia na maji ya kunywa. Faili la 2015 ni la karatasi, na karani hakulifahamu kwa jina langu. Alitaka namba ya kesi. Msikilizaji, ukibaki na neno moja la leo, libaki hili: namba ya kesi. Iko juu ya samansi, iko juu ya hukumu, iko juu ya kila karatasi uliyoificha juu ya kabati. Iandike nyuma ya picha ya harusi ukitaka, mradi usiipoteze. Mimi niliipata kwenye ile karatasi mpya. Nikalipia kulikagua faili, nikakaa benchi, na alasiri faili likaja, vumbi lake limejaa historia.

Nikalisoma. Mlikuwa na madai, kiapo cha mpelekaji samansi akieleza siku, saa na rangi ya shati nililovaa, ombi la hukumu, hukumu, na dikrii, yaani amri itokanayo na hukumu. Baada ya hapo, hakuna kitu. Mara 17 za M-Pesa hazimo. Kahawa haimo. Kwa macho ya faili, mimi ni mtu niliyehukumiwa 2015 nikatoroka. Na hakimu anayeletewa faili hilo 2023 atajuaje?

Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, Amri ya 22, zinasema pesa za dikrii zikilipwa nje ya mahakama, aliyeshinda kesi anatakiwa aijulishe mahakama kwamba amelipwa. Asipofanya, aliyelipa mwenyewe ana haki ya kwenda kuomba malipo yale yaandikwe, na yule wa pili aitwe aeleze kama ana pingamizi. Haki hii nilikuwa nayo tangu siku ile ya kashata. Ingekuwa karatasi moja, mzee yu hai, anacheka, anatia sahihi. Nimekuja kuitafuta mzee yuko kaburini.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa maneno mengi, aliniambia nisihangaike. "Hukumu ni ya Machi 2015," akasema. "Machi 2027 inatimiza miaka 12, itakufa yenyewe. Jifiche." Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, kifungu cha 4, kweli inasema hivyo: hukumu haitekelezwi baada ya miaka 12, na riba yake haidaiwi kupita miaka 6 ya nyuma. Lakini huyu rafiki alitaka nijifiche miaka minne kwa deni nisilodaiwa. Nijifichie wapi, na sauti yangu inatoka kila siku saa tatu asubuhi?

Ushauri wa pili ulikuwa wa akili zaidi. Niliambiwa niombe hukumu itenguliwe. Inawezekana, kama ilitolewa bila wewe kuwapo, na hasa kama samansi haikukufikia. Mtu aliyehukumiwa bila kupewa habari ana nguvu kubwa mbele ya mahakama. Lakini mimi sahihi yangu imo ndani. Na hata ingetenguliwa, kesi ingeanza upya, nami ningesimama kubishania kodi ambayo kweli nilikula. Nikaona si njia yangu.

Nikarudi nyumbani nikatafuta ushahidi. Simu ya 2016 ilikwisha kufa, na jumbe zake zikafa nayo. Ila mke wangu, ambaye haamini simu, alikuwa akinakili kila muamala kwenye daftari la duka: tarehe, kiasi, na zile herufi na tarakimu za M-Pesa. Mara 17, mwandiko wake wa shule ya msingi. Nimeishi naye miaka mingi, sijapata kumpenda kama nilivyompenda jioni ile.

Kisha nikauliza swali ambalo mwanasheria wa msaada wa kisheria ndiye aliyenitia akilini. Huyu kijana anayenidai, ananidai kwa cheo gani? Deni la marehemu ni mali ya mirathi. Haliwi la mtoto aliyelikuta kabatini kwanza. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hairuhusu mtu kushika mali ya maiti bila kupewa mamlaka. Ombi lake lilikuwa limepelekwa kwa jina la marehemu, kana kwamba mzee ametoka makaburini Manyimbo akampigia wakili simu. Lilikuwa ombi bovu, na ningeweza kulibwaga siku hiyo hiyo nikarudi nyumbani kula wali.

Lakini kulibwaga si kuliandika. Faili lingebaki vile vile, na mrithi mwenye karatasi zilizonyooka angekuja kesho. Nami ni Muislamu. Sitaki mtu anishike siku ya Kiyama kwa 51,000. Nikaulizia familia. Kumbe binti mkubwa wa marehemu ndiye aliyepewa usimamizi wa mirathi na Mahakama ya Kadhi, na hakuwa na habari ya kesi ya nduguye. Nikaenda na mke wangu na daftari. Yule dada alinisikiliza kimya, akaingia ndani, akatoka na daftari la marehemu babake. Mzee, tuliyedhani hakuandika, aliandika. "Mpangaji wa zamani, 3,000." Ukurasa baada ya ukurasa, mara 17. Kilichomshinda ni hatua moja tu, kulichukua daftari lile mpaka mahakamani.

Tuliandika makubaliano, yeye kama msimamizi wa mirathi, mimi kama mdaiwa, kwamba dikrii imelipwa yote. Yakawekwa kwenye faili, hakimu akayathibitisha, na ombi la kunikamatia mali likafungwa.

Nimekwisha kuyasema haya barazani kabla ya kuyaleta hewani, na maswali yamenijia. Acha nijibu mawili matatu.

Kijana wa Changamwe, aliyekuwa karani katika yadi ya makontena, alipoteza kazi pale mizigo ilipoanza kupandishwa kwenye reli mpya kwenda Nairobi. Mnakumbuka maandamano ya Okoa Mombasa ya 2019 ya kuipinga hatua hiyo, naye alikuwamo. Ana hukumu ya kodi, hana pesa ya kulipa kwa mkupuo, anaogopa dalali na anaogopa jela. Ndugu yangu, unaweza kuiomba mahakama ikuruhusu ulipe kwa mafungu. Peleka hati ya mapato yako, hata kama ni ya kibarua, na taja kiasi unachokiweza kweli, si cha kujionyesha. Kifungo cha madai bado kipo kwenye sheria na hakizidi miezi 6, lakini mahakama yatakiwa kwanza itazame kama unao uwezo ukakataa, au huna. Ukiitwa kujieleza, nenda. Aliyekaa nyumbani hana wa kumsemea. Na dalali wa mahakama akija, muulize hati yake. Anatakiwa aorodheshe vitu kwanza, akupe siku 7, ndipo arudi na gari. Nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za kazi yako, havikamatwi. Cherehani ya fundi haiendi. Karai la mama wa mahamri haliendi.

Mama mmoja wa Likoni kapata taabu nyingine. Anaambiwa ana hukumu, na yeye hajapata kushtakiwa. Jina lake ni lile ambalo ukiliita kwa sauti pale kwenye kituo cha feri, wanawake 20 watageuka. Hapa tuna tatizo letu la majina matatu, la mwana, la baba, la babu, yanayojirudia kutoka Lamu mpaka Vanga. CRB hutumia namba ya kitambulisho. Karatasi nyingi za zamani za mahakama zina jina tupu. Mama, nenda masijala ukalione faili, tazama anwani na kitambulisho. Kama si wewe, sema kwa kiapo. Na kama taarifa isiyo ya kweli iko kwenye orodha ya mkopeshaji au wakala, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kutaka irekebishwe au ifutwe. Wakikaidi, ofisi ya Kamishna wa Data hupokea malalamiko bure, na sheria inaitaka iyamalize ndani ya siku 90. Ofisi hiyo si ya mchezo: mwaka 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu karibu shilingi milioni 3 kwa kuwasumbua watu wasiohusika. Wenye nyumba mnaorushiana picha na majina ya wapangaji kwenye makundi ya WhatsApp, hili mlisikie na nyinyi.

Kisa cha majina si cha Likoni peke yake. TransUnion, iliyo na ofisi Nairobi, kwao ni Chicago. Huko Marekani, hukumu za madai zilikuwa zikiandikwa ndani ya ripoti za mikopo kwa miaka mingi, na mpangaji aliyeshindwa kesi ya kodi alizibeba kila alikohamia. Julai 2017 mashirika makubwa matatu ya huko yakaziondoa. Sababu kubwa ilikuwa kwamba kumbukumbu za mahakama hazikuwa na tarehe ya kuzaliwa wala namba ya kumtambulisha mtu, na haikuwezekana kuhakikisha ni Smith yupi. Lakini wenye nyumba wa kule hununua ripoti nyingine za kuwachuja wapangaji, na humo kesi za zamani bado huonekana. Uingereza wana njia ninayoipenda mimi: hukumu ya deni hukaa kwenye daftari la umma miaka 6, lakini ukiilipa yote ndani ya mwezi mmoja, hufutwa kabisa. Ukichelewa hapo, huandikwa imelipwa, na inabaki. Wenzetu wameipa haraka thawabu. Sisi hatujampa mpangaji sababu yoyote ya kuharakisha, tukashangaa mbona hukumu zinazeeka kabatini. Wabunge wa Pwani wanaotusikiliza, kama mpo na mmeamka, hiyo ni kazi yenu.

Jambo moja dogo kwa wenye nyumba. Deni lako likiwa halizidi shilingi milioni 1, siku hizi kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kusikiliza kesi 2021. Huhitaji wakili, na kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60. Ile gharama iliyoipandisha kodi yangu kutoka 36,000 mpaka 51,000, sehemu kubwa isingekuwapo. Na siku utakapolipwa, peleka karatasi mahakamani useme umelipwa. Usiwaachie wanao vita ulivyokwisha kuvimaliza.

Usiye na wakili, Kituo Cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa, na serikali ina huduma yake ya msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2016. Nenda na karatasi zako zote. Usichague wewe ipi ina maana.

Fleti ya Bamburi sikuipata. Wakala alikwisha kumpa mtu mwingine. Naishi Mwandoni, kodi nalipa tarehe 3, na risiti naidai hata mwenye nyumba akiniona mkorofi. Faili langu limerudi kwenye rafu yake. Ukurasa wake wa mwisho una mstari mmoja kwa wino wa bluu, unaosema dikrii imelipwa yote, na chini yake kuna tarehe na mhuri. Nakala iliyothibitishwa ninayo. Mke wangu ameitia kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na lile daftari.